Mwaka wa Kikohozi cha Polina

Mwaka jana tulimzika dada yangu Konsolata. Kabla jeneza halijashushwa, mwanawe Polina, mama mzima mwenye watoto chuo kikuu, alinishika mikono yote miwili mbele ya watu akasema kwa ile sauti yake ya puani, "Auntie, leo namzika mama, na nataka kila mtu ajue kwamba mimi nilikusamehe zamani." Wanawake wa kanisa wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akanipa kitambaa nifute machozi, ingawa sikuwa nikilia. Nilikuwa nimepigwa na bumbuwazi tu. Najua nilichosamehewa: nilisamehewa kikohozi. Inasemekana kwamba nilipokuwa msichana nilikuja Nairobi na kifua kibovu, nikamwambukiza mtoto wa dada yangu aliyekuwa na miaka miwili, nikakaribia kumuua. Hadithi hiyo imenitangulia kwenye arusi na matanga ya ukoo wetu kwa zaidi ya miaka arobaini, na kila mara niliinyamazia kwa sababu aliyeitunga alikuwa hai na alikuwa dada yangu. Sasa amekufa. Mimi nina miaka sitini na sita, magoti yananiuma, na kunyamaza kumenichosha.

Nilifika Bahati, mtaa wa Eastlands huko Nairobi, mwezi wa Januari, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, nikiwa na sanduku la bati na cheti cha kidato cha nne ambacho hakikuwa kibaya. Mapatano yalikuwa mepesi. Konsolata, aliyekuwa karani katika ofisi moja mjini, angeendelea na kazi. Mimi ningemlea Polina kwa mwaka mmoja. Na Januari iliyofuata dada angeniingiza shule ya taipu. Nyumba ilikuwa ya kanseli, yaani ya halmashauri ya jiji, chumba kimoja kilichogawanywa na pazia lenye maua mekundu. Upande wa ndani palikuwa na kitanda cha wenye nyumba, na Polina alilala katikati yao. Upande wa nje palikuwa na meza, viti vinne vyenye vitambaa vya kufuma, redio iliyovalishwa kitambaa chake pia, na godoro langu ambalo mchana lilisimamishwa ukutani. Jiko tulilitumia pamoja na Mama Wanjiru, jirani wa mlango wa pili, aliyeuza sukuma wiki na viazi pale nje na kujua habari za watu kabla wenyewe hawajazijua. Nilikipenda chumba kile. Nilijua kila kiti kinavyolia kikikaliwa, na asubuhi jua lilipoingia kwa dirisha dogo nilimketisha Polina mahali lilipoangukia, nikamlisha uji huku nikimfundisha kuhesabu vidole vyake.

Shemeji Zakayo nilimpenda pia, siwezi kudanganya. Alifanya kazi katika kinu cha unga kule Industrial Area na alirudi saa kumi na mbili nyusi zikiwa nyeupe. Polina alimkimbilia, akapanda mapajani, akamfuta unga kwa viganja, kisha wakagusanisha vipaji vya nyuso na kuimba wimbo wao ambao haukuwa na maneno. Katikati ya wimbo shemeji alikohoa. Kila mtu wa kinu kile alikohoa. Jioni tuliwasikia wanaume wale wakipita njiani kabla hatujawaona, na wake zao walikiita kikohozi cha kazi, kama vile fundi wa magari alivyo na mikono ya kazi. Mtu akimwuliza shemeji, alisema, "Ni unga tu," na maneno yakaisha.

Kisha kulikuwa na kikombe. Kilikuwa cha bati, cha buluu, kikining'inia kwenye msumari wake peke yake. Sahani yake shemeji na kijiko chake vilikaa juu ya kabati, mbali na vyetu, wala sikuruhusiwa kuvigusa. Dada mwenyewe, hata akirudi kazini hoi, aliviosha mwisho kwa maji yaliyochemka, akavifunika. Mimi niliona heshima. Kwetu mwenye boma ana kigoda chake na bakuli lake, firigisi ya kuku ni yake, na mtoto anayekunywa kwa kikombe cha baba anatafuta kiboko. Nilimsifu Konsolata moyoni kwamba Nairobi haijamharibu, kwamba bado anamtunza mume kama mama alivyotufundisha. Nikikumbuka nilivyomsifu, nataka kujizaba kofi. Mtu asiye wa kwetu, akiona mume anatengewa vyombo na kuchemshiwa kijiko, angeuliza ana nini. Sisi hatukuuliza.

Polina alianza kukohoa mvua za Aprili zilipoanza. Mafua, tulisema. Mafua yakaisha, kikohozi kikabaki. Kilikuwa kikavu asubuhi, kizito jioni, na kila alipokohoa alishika tumbo kwa mikono miwili kama mzee. Nikaanza kutafuta kinachomkohoza. Nilianza na stovu ya mafuta taa iliyokuwa chumbani, nikaitoa mlangoni na kupikia huko, mvua ikininyeshea mgongoni. Akakohoa stovu ikiwaka na akakohoa ikiwa imezimwa. Nikaanika blanketi. Nikatupa mto wa manyoya aliopewa na nyanya yake. Nikaacha kumwogesha asubuhi, nikamwogesha saa saba jua likiwa kali. Nikamkatalia njugu, kisha maziwa, kisha nikamrudishia maziwa. Nilipiga deki mara mbili kwa siku ili vumbi lisipate mahali. Konsolata alinitazama nikifanya yote hayo. Alikaa kwenye kiti chake, miguu ndani ya karai la maji moto baada ya kazi, akanitazama nikitikisa pazia na kunusa godoro nikitafuta ugonjwa wa mtoto wake, na hakusema neno.

Afadhali angenyamaza hivyo hivyo. Wageni walipouliza mtoto ana nini, alisema, "Muulizeni auntie yake, ndiye anayeshinda naye." Alisema akicheka kidogo, lakini wageni walinigeukia. Baadaye hakucheka tena. Siku moja, mbele ya mama wawili wa kanisani, alisema kwamba mimi ninamwogesha Polina na maji baridi kwa uvivu wa kuwasha stovu. Niliingia jikoni nikalia juu ya sufuria ya githeri. Niliamini nusu ya maneno yale. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, mtoto alikuwa mikononi mwangu, na alikuwa akikonda. Kama si mimi, basi ni nani?

Jumapili moja alasiri nilikuwa nikipiga pasi mezani, wao wakiwa upande wa pili wa pazia. Walidhani pasi yangu ya makaa inanizuia kusikia. Shemeji akasema, akinitaja kwa jina langu la nyumbani, "Konso, tumwambie Fely."

"Fely hajui, na asijue. Si sasa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mimi niseme."

Nilitabasamu. Nilidhani ni habari ya shule ya taipu, kwamba labda wamepata nafasi mapema na wanataka kunishtua. Nilipiga lile shati pasi mara ya pili, nikalikunja vizuri kuliko nilivyowahi kukunja shati, na jioni ile nikamwongezea dada nyama.

Mama Wanjiru ndiye aliyeleta habari ya kimeo. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, na katika estate yetu, Mkikuyu kwa Mluhya kwa Mkamba, watu walikubaliana kwamba kikirefuka kinamkohoza mtoto na dawa yake ni kukikata. "Hiyo ni kimeo, mimi nakwambia," alisema huku akikatakata sukuma. "Wangu watatu wote walikatwa. Ile kitu inamkuna huko nyuma, anakohoa mpaka anatapika. Kuna mzee huko Majengo, mkono yake ni safi." Alimwambia dada, si mimi. Konsolata alitazama chini kwa muda mrefu. Nilidhani anamhurumia mtoto. Kisha akasema, "Basi mpelekeni. Mimi siwezi kuona damu." Asubuhi tulipokuwa tukitoka alimfunga Polina vifungo vya sweta, akavifungua, akavifunga tena, kisha akashika mkoba wake akaenda kazini.

Majengo si mbali, tulikwenda kwa miguu. Mzee alitupokea katika ua uliofagiliwa, akatuuliza habari za nyumbani moja baada ya nyingine bila haraka, akaketi mahali penye mwanga, akamfungua Polina kinywa kwa mpini wa kijiko. Akaangalia sana. Akasikiliza akikohoa. "Mama wa mtoto yuko wapi?"

"Yuko kazini," nikasema.

"Kimeo hiki nakiona ni cha kawaida, binti. Kikohozi cha huyu kinatoka chini, kifuani. Mngempeleka hospitali kwanza."

Mama Wanjiru akasema, "Mzee, mama yake amesema ikatwe."

Mzee akanitazama mimi. Ningeweza kusimama, nikambeba mtoto, tukarudi. Badala yake nilisema, "Ndiyo, amesema," kwa sababu nilikuwa nimechoka kulaumiwa na nilitaka kifanyike kitu ambacho si mimi niliyekibuni. Akaniambia nimshike kichwa. Nikamshika barabara. Hilo ni kosa langu, sikatai, na kama Polina angenisamehe kwa hilo ningepiga magoti nikapokea. Lakini hilo hajawahi kulitaja mtu yeyote. Baada ya hapo kwa majuma mengi maziwa aliyokunywa yalimtoka puani, na alipoanza kusema maneno mapya yalitoka na mlio ule ambao anao mpaka leo. Kikohozi kilipumzika siku nne. Siku ya tano kilirudi na damu kidogo, na dada akasema ni ya kidonda.

Mwezi wa Agosti, ule wa baridi, Polina aliacha kumkimbilia baba yake mlangoni. Alikaa tu juu ya godoro langu akamngoja aje. Hapo nikaamua. Nilimwambia dada naenda kupanga foleni ya mafuta taa, nikamfunga mtoto mgongoni kwa leso, nikampeleka kliniki ya kifua ambayo mzee wa Majengo alikuwa amenielekeza siku ile tulipokuwa tukiondoka. Muuguzi alikuwa mama mnene mwenye miwani, asiyependa maneno mengi. Alimchoma Polina sindano ndogo ya kupima chini ya ngozi ya mkono, akanichoma na mimi, akasema turudi baada ya siku tatu. Siku hizo tatu nilimvalisha sweta ya mikono mirefu, dada asione. Alama yangu ya sindano ilibaki bapa kama sikuguswa. Ya Polina ilivimba, ngumu na nyekundu, pana kama kifuniko cha chupa. Tukapigwa picha ya kifua wote wawili. Yangu ilikuwa safi. Muuguzi akaishika ya mtoto kwenye mwanga, akavuta kiti, akaniambia niketi.

"Huyu ana tibii, kifua kikuu. Mtoto mdogo hivi haokoti njiani, anaipata kwa mtu anayemshika kila siku. Nani anakohoa nyumbani?"

"Hakuna," nikasema. Kisha nikasema, "Shemeji, lakini yeye ni unga. Anafanya kazi kwenye kinu."

"Jina lake?"

Nikalitaja. Alilowesha kidole kwa ulimi, akapekua kadi ndani ya sanduku la mbao, akatoa moja. Akaisoma, akanitazama, akaisoma tena. "Konsolata ni nani?"

"Ni dada yangu. Ni mama wa huyu."

Akaigeuza kadi juu ya meza ili nione mwenyewe. Shemeji alikuwa ameandikishwa Desemba, mwezi mmoja kabla sijapanda basi kuja Nairobi. Alichomwa sindano mpaka Machi, akaacha kuja. Chini, karani alikuwa ameandika kwamba mke ameelezwa amlete mtoto na kila mtu wa nyumba hiyo wapimwe, na mke alikuwa ametia sahihi. Niliijua ile herufi K yake. Dada ndiye aliyenifundisha kuandika, akinishika mkono. "Tumewangoja miezi minane," muuguzi akasema, bila ukali. "Wewe walikuambia?" Nilikuwa nikitazama ile sahihi na nikikumbuka nilivyoshika kichwa cha mtoto kule Majengo.

Nilimkuta Konsolata mezani akichagua mchele. Nikaiweka barua ya kliniki juu ya ungo. Aliisoma hadi mwisho, kisha akasema, "Funga mlango." Nilifunga. Nilitazamia alie, au anikemee, lakini alizungumza polepole kama mtu aliyekuwa amejiandaa. "Ulimwona yule mama wa block ya tatu? Walipojua ana tibii walimkataza kuchota maji kwa mfereji. Bwana yake akaachishwa kazi wiki hiyo hiyo. Ulitaka tulale wapi, Fely?"

"Ulijua kabla sijaja."

"Nilihitaji mtu."

"Mzee alisema kimeo si kirefu. Ulijua si kimeo."

"Watu walikuwa wameanza kuuliza. Ilibidi tuonekane tumefanya kitu." Akarudi kwenye mchele, akatoa jiwe, akaliweka kando. "Vyombo nilichemsha. Nilifanya nilivyoweza."

Nilimwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia mkubwa wangu, na siyajutii. Shemeji aliporudi aliketi kitandani na unga wake usoni, hakujitetea. Aliuliza swali moja tu: kama Polina atapona. Nilipomwambia muuguzi amesema atapona akichomwa sindano kila siku bila kukosa, alifunika uso. Kesho yake alirudi kliniki mwenyewe, akipitia njia ya nyuma ya kinu. Kwake hasira yangu iliisha mapema. Alikuwa mgonjwa na mwoga, na alikuwa amesema tumwambie Fely. Kwa dada haikuisha. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini hawasemi unavyojisikia unapoendelea kuifua nguo hiyo, kuipiga pasi na kuikunja.

Maana niliendelea. Sindano zilikuwa za kila siku kwa miezi miwili, na dada alisema hawezi kuonekana kwenye foleni ile. Nani angempeleka? Nilimfunga Polina mgongoni kila asubuhi, nikapita mbele ya meza ya Mama Wanjiru, nikapanga foleni na wakohoaji wa Eastlands nzima. Mtoto alijifunza kugeuka mwenyewe na kushusha suruali, na baadaye akaacha kulia. Kikohozi kikaanza kupungua, kikawa cha asubuhi tu, kikawa cha siku moja moja. Siku alipomkimbilia tena baba yake mlangoni, nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba peke yangu nikamshukuru Mungu. Nilisahau kidogo kwamba nina hasira.

Ni mferejini nilipojua kilichokuwa kinaendelea. Nilifika na ndoo yangu, na wanawake wakaisukuma kwa mguu mpaka mwisho wa laini, kisha wakasogeza zao zisiiguse. Mama Wanjiru, ambaye hakuwa mtu mbaya, alinivuta kando. "Pole, msichana. Dada yako ametuambia. Wewe uende tu upone. Lakini ungesema mapema, kabla ya kushika mtoto wa watu."

"Ameambia watu nini?"

"Si hiyo kifua ulitoka nayo nyumbani."

Nilirudi na ndoo tupu nikamwuliza Konsolata mbele ya mumewe. Alisema, "Wewe utaondoka karibuni. Sisi tunabaki hapa." Shemeji alitazama sakafu. Nilikuwa nimemwonea huruma siku zote zile, na alipopata nafasi ya kusema neno moja alitazama sakafu. Nilimaliza sindano za Polina kwa sababu zilikuwa zimebaki kumi na moja na hazikuwa kosa lake. Kesho yake baada ya ile ya mwisho niliwekwa kwenye basi la kwetu Bungoma na sanduku langu la bati. Shule ya taipu haikutajwa tena, na barua ya dada ilikuwa imefika nyumbani kabla yangu. Mama alikuwa amenitengea kikombe.

Nimeishi vizuri baada ya hapo, nisije nikaonekana najililia. Nilifundisha chekechea miaka thelathini, ingawa shule ya kwanza ilinikataa kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa amesikia habari za kifua changu. Niliolewa mbali, na watu ambao hawakuwa wamesikia. Konsolata tulikutana kwenye matanga tu, tukaulizana hali. Nilikuwa nikingoja siku atakayosema. Nilidhani uzee utamlegeza, kisha nikadhani ni kifo cha shemeji, kisha nikadhani ni ugonjwa wake mwenyewe. Hakuniita.

Jioni ya mazishi, watu walipopungua, nilimkuta Polina nyuma ya nyumba akipanga sahani za kukodi. Nilimwuliza, "Umenisamehe nini?" Kabla ya kujibu alitazama kushoto na kulia kuona kama kuna anayesikia.

"Auntie, najua," akasema. "Mama aliniambia hospitalini, wiki ya mwisho. Ya baba, ya kadi, yote. Alilia sana."

"Basi mbona ulisema vile mbele ya watu?"

"Walikuwa wanaulizana kwa nini nyinyi wawili hamkuwa mkitembeleana. Nilitaka azikwe vizuri." Alinishika bega. Mkono wake ulikuwa mzito na wa joto, mkono wa mtu mwenye afya. "Na wewe umeshazoea, auntie. Mama alisema wewe utaelewa."

Niliutoa mkono ule begani kwangu taratibu. Nilimwambia kwamba nimeelewa tangu nikiwa na miaka kumi na minane, na kwamba sitaelewa tena. Kwamba nitayaandika haya yote na kumpa kila mwenye macho asome. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama nitataja majina. Nikamwambia nitayataja, nikianza na langu: Felista Nekesa, ambaye hajawahi kuugua kifua.